Kidonge cha Profesa Hakiguswi

Mpaka leo nikimsikia mtu anasema "kwa upande wangu" natamani kutema mate. Ni maneno ya kawaida, najua, hata wateja wangu huyatumia wakibishana na mafundi wao mbele ya kaunta. Lakini mimi niliyasikia kando ya kitanda cha mama, katika hospitali moja kubwa ya hapa Mwanza, yakitoka kwa watu wenye akili zao na makoti yaliyopigwa pasi. Tangu hapo yananinukia vibaya.

Mama ni mwalimu wa shule ya msingi aliyestaafu zamani. Anaishi peke yake Busisi, ng'ambo ya ziwa, kwenye nyumba aliyoijenga mwenyewe karibu na maji, na ana mihogo yake, kuku wake, na ulimi ambao hata mwenyekiti wa kijiji anauogopa. Mimi niko Buswelu, huku mjini, nauza misumari, saruji na mabomba. Zamani kwenda kumwona ilikuwa kukaa Kigongo kusubiri kivuko na kula mahindi ya kuchoma mpaka ukinai. Siku hizi unapita darajani, na kabla hujamaliza hindi moja umeshafika. Kwa hiyo nilikwenda mara kwa mara, na mambo haya niliyaona tangu yanaanza.

Yalianza na miguu. Mama ana sukari, na sukari iliifanya miguu yake iwake moto kila jua likizama, akawa anaiweka kwenye beseni la maji kama mtu anayeloweka maharage. Nikampeleka kwa daktari bingwa wa magonjwa ya ndani, yule ambaye ukimtaja kwa mtu yeyote wa hapa mjini anakwambia, "Kwa Profesa? Basi umefika." Mzee mnene, mpole wa sauti, kucha safi. Akampa mama kidonge kidogo cha njano, anywe jioni. Sitasema uongo, kilimsaidia. Miguu ikapoa. Tuliporudi kliniki akapandisha dozi ipoe zaidi, na tuliporudi tena akapandisha tena.

Halafu mama akaanza kupotea. Kwanza mdomo ulimkauka, hata sala ya chakula akawa anaisema huku ulimi unanata. Choo kikawa kigumu. Akawa anasinzia mchana, yeye ambaye alikuwa anatuchapa kwa kulala mchana. Siku moja nikafika mchana kweupe, nikamkuta amekaa kwenye kigoda jikoni, uso kaelekeza ukutani, ugali umeungua kwenye sufuria nyuma yake.

"Marahaba," alisema. "Marahaba. Kaeni."

Sikuwa nimemwamkia. Hata hakujua kama nimeingia. Alikuwa anawaitikia watoto wa darasa ambalo halipo, akatikisa kichwa, akasubiri kidogo, akaitikia tena. Nilisimama mlangoni na mfuko wa nyanya mkononi, nikalia kama mtoto.

Kaka yangu alipoambiwa alisema ni uzee tu. Akasema tumlete mjini, nyumba ya Busisi tuifunge, kuku tuwagawe kwa majirani, kwa sababu mtu wa hivyo hawezi kuachwa peke yake na moto na ziwa. Alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililonichoma. Mama alikuwa ameniambia tangu ana nguvu zake kwamba siku akitolewa kwenye nyumba ile bila akili yake kukubali, tumhesabu amekufa. Kwa hiyo swali nililoingia nalo hospitali lilikuwa moja tu. Akili ya mama imekwisha, au kuna kitu kimeishika?

Tuliingia hospitali kwa sababu mkojo ulikataa kutoka. Tumbo la chini lilivimba, akawa anaguna bila kusema anaumwa wapi. Wakamwekea mpira wa mkojo, mfuko ukajaa, nesi akaubeba kwenda kuumwaga huku ananiambia nisogeze miguu. Harufu ya wodi ile sitaisahau, mkojo na dawa ya kusafishia sakafu na samaki wa kukaanga wa mtu wa kitanda cha pili. Lakini sikuchukizwa na harufu. Harufu haina kosa.

Kilichonichukiza ni raundi. Wenyewe walisema hali ya mama ina maswali magumu, kwa hiyo wakaitwa mabingwa wa kila kiungo, wakaja kwa zamu na mikia yao ya wanafunzi. Wa moyo alisikiliza kifua, akasema, "Kwa upande wa moyo, bibi yuko vizuri." Wa figo alitazama majibu ya damu, akasema kwa upande wake hana wasiwasi sana. Mwingine akagonga magoti ya mama kwa nyundo ndogo, akawaonyesha wanafunzi jinsi ya kuishika nyundo, akasema kwa upande wa mishipa ya fahamu hakuna cha ajabu. Kila mmoja alipomaliza alijipaka dawa ya kutakasa mikono, akaisugua taratibu huku anatazama dirishani. Walikuwa wanajisafisha na mama yangu.

Na wote walikuwa sahihi, hilo ndilo la kukera. Moyo mzima, figo zinajikokota lakini zinakwenda, magoti yanaruka yakigongwa. Mama alikuwa salama kila upande, na katikati ya pande zote hizo alikuwa amekaa anasema marahaba kwa stendi ya dripu. Mmoja wao aliitikia kwa kucheka. Wanafunzi wakacheka pia, kwa sababu bingwa amecheka. Nilitamani kumuuliza kama na yeye ana mama au aliokotwa.

Kulikuwa na mmoja tu aliyenipa moyo. Nitamwita bingwa mdogo, ingawa kichwani mvi zimeshaanza. Alikuwa chini ya Profesa, amefundishwa na Profesa, na kwenye raundi kazi yake ilionekana kuwa kushika kikombe cha chai cha Profesa ili Profesa apate mikono ya kumpapasa mgonjwa. Daktari bingwa mzima, kikombe mkononi, anakinyanyua kisimwagike. Hilo nalo lilinichukiza, lakini nilimsamehe, kwa sababu mchana mmoja alirudi peke yake.

Alivuta kiti. Akaniambia nimwage dawa zote za mama juu ya shuka. Nilimwaga, zikawa rundo kama njugu za kuuza. Akamwambia mama atoe ulimi, akaugusa kwa kidole, akatazama mboni za macho, akabonyeza tumbo. Halafu akaanza kuniuliza, na maswali yake yalikuwa ya mtu anayetafuta, si ya mtu anayejaza fomu. Usingizi ulianza lini? Kabla ya mdomo kukauka au baada? Dozi ya hiki ilipanda lini? Na mkojo? Nilimjibu, na nilivyokuwa namjibu nikaanza kuona mwenyewe. Kila kidonge cha njano kilipopanda, mama alishuka.

Mimi nauza mabomba. Maji yakikataa kutoka huendi kubadilisha bomba, unauliza kwanza nani amefunga koki. Huyu alikuwa anauliza koki. Nilimpenda siku ile kuliko ndugu zangu wote.

Akakishika kidonge cha njano kwa vidole viwili.

"Hiki aliandika nani, dada?"

"Profesa."

Aliendelea kukitazama. Kisha akakirudisha kwenye rundo, polepole, akajifuta vidole kwenye koti. Uso wake ulikuwa umefungwa. Akaniambia mama apumzike, ataongea na wenzake, akaondoka bila kurudisha kiti.

Nilingoja aongee. Raundi kubwa ikafika, Profesa akiwa mbele, bingwa mdogo na kikombe. Picha ya kichwa ya mama ilikuwa imerudi, wakasema ubongo umesinyaa kidogo kama unavyotakiwa kusinyaa kwa umri wake. Profesa akaweka mkono kwenye bega la mama kwa upole, upole wa kweli kabisa, akawageukia wanafunzi.

"Hii ni kesi nzuri ya usahaulifu wa uzeeni," alisema. "Mnaona anavyoitikia salamu? Anaishi zamani. Familia inabidi iandaliwe. Anahangaika jioni? Ndiyo? Basi kile cha njano tupandishe, alale." Akamgeukia bingwa mdogo. "Au una wazo lingine, daktari?"

Nilimtazama yule mtu mpaka macho yakaniuma. Pale palikuwa na mlango wazi kabisa, umefunguliwa na Profesa mwenyewe kwa hiari yake. Alikuwa anajua. Niliona kwenye koo lake jinsi neno lilivyopanda likashuka.

"Hapana, Profesa," alisema. "Niko na wewe."

Baadaye mtu anayejua mambo ya hospitali aliniambia nisishangae. Kwa wenzetu hawa, dawa iliyoandikwa na aliyekufundisha haifutwi. Unaweza kuongeza yako chini yake. Unaweza kuandika nyingine ya kutuliza madhara ya ile ya kwanza, na nyingine ya kutuliza madhara ya hiyo. Lakini kupiga mstari juu ya mwandiko wa mwalimu wako ni kama kumtukana mbele ya watu, na mtu huyo ndiye anayekupa barua ya kwenda kusoma, ndiye anayekualika kwenye vikao, na ndiye utakayemwamkia mpaka mmoja wenu azikwe. Kwa hiyo vidonge vinaongezeka, havipungui, na mfuko wa mgonjwa unavimba kwa heshima za watu wengine. Nilipoelezwa haya nilikuwa nakunywa uji. Niliumwaga.

Siku ya kuruhusiwa, Profesa hakuwepo. Namsukuma mama kwenye kiti cha magurudumu kuelekea mlango wa nje, bingwa mdogo akanifuata mpaka penye kona ambapo hapaonekani na ofisi yoyote. Akatazama nyuma.

"Dada, kile cha njano. Mpe nusu kwa wiki moja, halafu mwachishe kabisa. Kikiisha, usinunue."

"Kwa nini hukusema mle ndani?"

"Wewe fanya hivyo. Lakini tafadhali, mimi sijakwambia."

Nilifanya hivyo. Sikuwa na dawa nyingine ila maneno ya mtu aliyeogopa kuyasema. Nikamweka mama kwangu Buswelu, kwenye chumba cha nyuma ya duka, nikampa nusu, halafu nikaacha. Mpira aliotoka nao hospitali ukatolewa kwenye zahanati ya jirani, mkojo ukaanza kutoka wenyewe. Mdomo ukapata mate. Miguu iliwaka kidogo, tukarudia beseni. Kisha asubuhi moja nilikuwa naosha vyombo uani nikasikia sauti nyuma yangu ikiniita mwanangu kwa Kisukuma.

"Ng'wanone, hilo sufuria unaliosha au unalibembeleza?"

Niligeuka. Alikuwa amesimama ameshika fremu ya mlango, khanga imefungwa vizuri, ananitazama kwa dharau ile yenyewe. Akauliza kuku wake wanalishwa na nani. Akauliza kwa nini yuko Buswelu. Akauliza, kwa sauti ya chini zaidi, kama amefanya mambo ya aibu. Nikamwambia hapana, mayu, mama yangu. Nikakaa chini palepale kwenye maji machafu ya vyombo na kucheka na kulia, na yeye akanisubiri nimalize ndipo anitume chai.

Kaka alikuja na maboksi ya kuhamishia vitu kutoka Busisi. Mama akamuuliza maboksi ni ya nani. Akayarudisha kwenye gari.

Tungeishia hapo. Lakini mama alikuwa na tarehe ya kliniki, na mama ni mwalimu, tarehe ni tarehe. Akavaa gauni lake la kitenge, tukaenda. Profesa mezani, pembeni yake kiti kifupi cha bingwa mdogo kikiwa bado kitupu. Alipoingia bingwa mdogo, kwani aliingia nyuma yetu, aliinama, "Shikamoo Profesa," kwa mikono miwili. Akapita mbele ya mama kama anapita mbele ya kabati, akaenda kukaa.

Profesa alimuuliza mama yuko wapi, leo siku gani, na nani amemleta. Mama akajibu yote, na akaongeza kwamba saa ya ukutani mle ndani iko nyuma. Profesa akapiga makofi mepesi.

"Unaona?" alimwambia bingwa mdogo. "Nilisema alale. Ubongo ukipumzishwa unarudi. Tuendelee na kile cha njano, tena tupandishe kidogo kulinda haya mafanikio."

"Kile cha njano sikinywi," alisema mama.

Kalamu ilisimama. Profesa hakukasirika, alihuzunika, na huzuni yake ilikuwa mbaya zaidi kuliko hasira. Akaniuliza nani ametuambia tuache. Nilimgeukia bingwa mdogo nikampa nafasi yake, kwa sababu sasa hakuhitaji hata ujasiri, jibu lilikuwa limekaa mbele yao limevaa kitenge na linajua siku ya leo.

Akakohoa. "Ndiyo shida ya wagonjwa wetu, Profesa. Wanaacha dawa wenyewe." Kisha akanigeukia mimi, na sauti yake ilikuwa kali. "Dada, si tulikuelekeza kufuata masharti?"

Nimeona mengi. Nimeona fundi akimwibia mjane saruji. Lakini mwili wangu haujawahi kumkataa mtu namna ile, ngozi yote ilinisisimka kama nimekanyaga konokono peku.

"Wewe ndiye uliyeniambia," nilisema. "Kule kwenye kona. Ukasema nisikutaje."

Profesa alicheka, kicheko cha baba. "Huyu? Huyu nimemfundisha mimi." Na bingwa mdogo akatabasamu. Alitabasamu, Mungu anisamehe, kama aliyesifiwa. Profesa akamweleza mama kwa upole kwamba ugonjwa huu una siku nzuri na siku mbaya, akaandika kidonge cha njano, dozi ya juu, akapiga mstari chini yake.

Mama alisimama. "Wewe uliyekaa hapo," alimwambia bingwa mdogo. "Nilipokuwa sina akili nilikuwa naitikia salamu za watu wasiokuwepo. Leo ninayo, na hujaniamkia."

Tukatoka.

Nje, benchi la kliniki lilikuwa limejaa wazee na mifuko yao ya dawa magotini. Nilikuwa naichana karatasi ya dawa vipande vidogo bingwa mdogo aliponifikia. Alitoka mbio, mlango ameuacha nusu wazi nyuma yake, akaninong'oneza tena, sauti ileile ya kwenye kona.

"Dada, samahani. Unaelewa hali ilivyo. Usikinunue."

Ndipo nikasikia, karibu na kiwiko changu.

"Marahaba," ilisema sauti kavu. "Marahaba, wajukuu."

Alikuwa bibi mmoja mwembamba mwishoni mwa benchi, macho kwenye ukuta, ulimi unanata kwenye midomo. Hakuna aliyekuwa amemwamkia. Binti yake kando yake alikuwa ameinamisha kichwa kwa aibu, mfuko umekazwa mkononi, na kwenye nailoni kulionekana vidonge vya rangi zote, vya njano vikiwemo. Bingwa mdogo aliviona. Niliona anavyoviona.

"Daktari," nilisema, kwa sauti ya dukani, ile ya kuita mteja aliyesahau chenji. "Njoo umwambie na huyu."

Benchi zima likanyanyua macho. Ndani, kiti cha Profesa kililia. Bingwa mdogo alisimama kati ya mlango na benchi, akamtazama yule bibi, akanitazama mimi, akatazama nyuma. Kisha akarudi ndani, akaufunga mlango taratibu, kwa adabu, usije ukagonga.

Nilimshika mama mkono tuondoke. Aliutoa. Akamwomba binti asogee kidogo, akakaa kando ya yule bibi, akaweka pochi yake magotini kama yuko ofisini kwake.

"Kaa," aliniambia. "Chumba hakina mlango wa pili. Atatoka."